Je, Picha Yaweza Kuwa Shahidi wa Kweli?

Nataka kuwaeleza neno lililonipata mimi mwenyewe. Silielezi ili nisifiwe, kwa maana katika habari hii aliyekosa ndimi.

Mwezi wa Mei mwaka 2024, tulipokuwa katika siku za mafundisho ya walimu, mwalimu kijana mmoja alinijia wakati wa mapumziko, akanipa simu yake mbele ya wenzake, akasema, "Mchungaji, tazama picha hii niliyoletewa na kaka yangu." Kaka yake anasoma katika nchi ya Ujerumani. Nikatazama, nikaona mapaa ya nyumba na miti, na juu yake mbingu nyekundu kama kaa la moto, na chini ya wekundu ule mistari ya kijani iliyosimama kama mabua shambani. Nikacheka, nikamwambia, "Mwanangu, rangi hizi zimetiwa na mashine. Siku hizi watu hutengeneza picha za kila namna ili kuwadanganya wajinga. Wewe ni mwalimu. Usiwapelekee watu uwongo." Wenzake wakacheka pia. Kijana akaitia simu yake mfukoni, asijibu neno.

Baada ya siku chache nikasikia katika redio kwamba usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei watu wa nchi nyingi walikuwa wameona mbinguni zile nuru ziitwazo nuru za kaskazini, hata mahali pasipozoea kuziona. Nikaona haya. Nikamwita yule kijana, nikamwomba anisomee maneno aliyoandikiwa pamoja na picha. Kaka yake alikuwa ameandika hivi: "Kwa macho yangu niliona weupe hafifu wenye wekundu kidogo tu. Rangi hizi kali zilionekana katika simu." Basi nikashangaa mara ya pili. Yule aliyeleta habari alikuwa amesema kweli yote bila kuficha, na mimi niliyejiona mlinzi wa kweli nilikuwa nimemfanya mwongo.

Lakini swali moja likabaki moyoni mwangu, nalo ndilo nililetalo kwenu leo. Ikiwa jicho la mtu liliona weupe, na picha ikaonyesha wekundu, yupi kati ya hao wawili ni shahidi wa kweli?

Kwanza yafaa tujue nuru hizi ni kitu gani, maana kwetu sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta si jambo la kuonekana. Makao yake ni pande za ncha mbili za dunia. Zile za kaskazini huonekana hasa katika Norway, Sweden, Finland, Iceland, Kanada na Alaska. Na upande wa kusini wa dunia ziko dada zake, nuru za kusini. Jua halitoi mwanga na joto tu. Latoa daima chembe ndogo mno zenye umeme, ziendazo kama upepo. Chembe hizo zikifika karibu nasi hushikwa na nguvu za sumaku ya dunia, ile ile igeuzayo sindano ya dira, zikaongozwa kuelekea pande za ncha. Huko huipiga hewa iliyo juu sana, nayo hewa ikipigwa hung'aa. Oksijeni hutoa rangi ya kijani katika urefu wa kilomita 100 na zaidi kidogo. Na juu yake, kupita kilomita 200, hutoa wekundu. Nitrojeni hutoa buluu na zambarau. Jua likichafuka sana, nuru hizo huenea mbali na makao yake. Ndivyo ilivyokuwa katika Mei 2024, katika dhoruba iliyo kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003, hata watu wa Afrika Kusini wakaziona nuru za kusini.

Watu wa zamani hawakujua hayo, lakini waliona, wakatafuta maana. Wafini huziita mioto ya mbweha. Na katika karne ya 13 kiliandikwa huko Norway kitabu kiitwacho Kioo cha Mfalme, ambacho ndani yake baba amjibu mwanawe maswali mengi ya ulimwengu. Alipofika kwenye nuru hizi, baba yule alisimulia kwa kadiri ilivyosikiwa kwa watu waliotoka Greenland, akaeleza sababu tatu zilizodhaniwa na watu, wala hakuapa kwamba moja ndiyo kweli. Nampenda mzee yule. Alijua kutofautisha kati ya jambo lililoonwa na jambo lililodhaniwa.

Sasa turudi kwa wale wapigao picha. Walio wengi si maprofesa. Ni watu wa kazi mbalimbali waipendao mbingu, nao hawalipwi kitu kwa kazi hiyo. Mchana husoma habari za jua. Jioni huondoka mjini penye taa nyingi, huenda mahali penye giza, husimamisha kamera juu ya miguu mitatu, na kungoja. Baridi ya huko huumiza vidole na kumaliza betri upesi. Mara nyingi mawingu hufunika mbingu, nao hurudi nyumbani mikono mitupu. Nuru zikitokea, huliacha jicho la kamera wazi kwa sekunde kadhaa, kisha hulifunga.

Katika sekunde hizo ndipo lilipo jibu la sehemu ya kwanza ya swali letu. Katika jicho la mwanadamu ziko nguvu mbili za kuona. Moja huzitambua rangi, lakini yataka mwanga mwingi. Ya pili huona hata kwa mwanga mdogo, lakini haijui rangi. Toka nje usiku wa mbalamwezi, uzitazame kanga mbili zilizoanikwa, moja nyekundu na moja ya kijani. Utaziona zote mbili, lakini rangi zake hutazitambua vema. Je, kanga zimepoteza rangi? La, jicho ndilo lililopungukiwa. Tena jicho ni kama kiganja kilichowekwa chini ya chemchemi idondokayo: hupokea tone, mara hulimwaga, hupokea jingine. Kamera ni kama mtungi uliotegwa hapo na kuachwa. Matone ni yale yale, lakini mtungi hujaa. Basi wekundu ule wa picha ulikuwamo kweli mbinguni, ijapokuwa jicho la kaka yule halikuweza kuukusanya.

Hapo mtu atasema, "Basi picha ndiyo kweli, na jicho ni dhaifu, swali limekwisha." La, ndugu, halijaisha. Kwa maana baada ya kamera yaja mikono ya mtu. Huyu huongeza mwanga kidogo ili rafiki zake waone vizuri. Yule huongeza wekundu hata ukapita kiasi, ili asifiwe. Mwingine huchukua nuru za usiku mmoja akazitia juu ya mlima aliopiga picha siku nyingine, akasema, "Ndivyo nilivyoona." Huyu wa mwisho twajua ni mwongo. Lakini mpaka u wapi kati yake na yule wa kwanza?

Nimefikiri sana, nami naona mpaka hauko katika mashine, wala katika wingi wa rangi. Uko katika neno liendalo pamoja na picha. Picha peke yake ni bubu. Kaka yule angalinyamaza, akawaacha watu wa nyumbani waamini kwamba alisimama chini ya mbingu iwakayo kama tanuru, picha yake iliyo kweli ingalikuwa ushuhuda wa uwongo. Aliposema, "Jicho langu liliona hivi, na simu ilionyesha hivi," akaifanya kuwa ushuhuda safi. Basi alama ya kwanza ya shahidi wa kweli ni hii: husema si alichoona tu, bali jinsi alivyokiona.

Alama ya pili twaijifunza kwa watu wa zamani kidogo. Mwaka 1859 aliishi Uingereza mtu mmoja, jina lake Richard Carrington, aliyeitazama mbingu si kwa mshahara bali kwa kupenda. Asubuhi ya tarehe 1 Septemba, alipokuwa akichora madoa ya jua, aliona ghafula mianga miwili mikali juu yake. Alifanya nini? Alikimbia kumwita mtu aje kuona pamoja naye. Hakukawia hata dakika moja; lakini aliporudi, mianga ilikuwa imekwisha kufifia, naye akahuzunika sana. Alijua kwamba habari ya mtu mmoja ni nyepesi. Ikawa kwamba mpenzi mwingine wa nyota, Richard Hodgson, mahali pengine, aliona jambo lile lile saa ile ile, na habari zao zikapatana. Siku iliyofuata dunia ilipatwa na dhoruba kubwa ya sumaku. Nyaya za telegrafu zikasumbuka, na nuru za kaskazini zikaonekana hata Kuba. Hata hivyo Carrington hakutaka kusema kwa haraka kwamba mwanga ule ndio ulioleta dhoruba ile. Leo twajua kwamba mambo hayo mawili yalifungamana. Lakini yeye alikuwa ameliona jambo hilo mara moja tu, naye hakutaka kusema zaidi ya alivyojua.

Tena yuko Carl Størmer, mwalimu wa hesabu huko Norway. Picha ya kwanza ya nuru za kaskazini ilikuwa imepigwa mwaka 1892 na Mjerumani Martin Brendel, lakini picha moja haiwezi kusema kitu kiko mbali kiasi gani. Nuru ile yaweza kuwa juu ya paa la nyumba. Yaweza kuwa juu mno. Kwa picha huonekana vile vile. Mwaka 1910 Størmer alikwenda Bossekop, kaskazini kabisa ya nchi yake, akaweka kamera mahali pawili palipotengana kilomita kadhaa, akaziunganisha kwa simu ya waya. Alipotoa neno, watu wa pande zote mbili walipiga picha ya nuru ile ile kwa saa moja. Nyuma ya nuru zilionekana nyota, na kwa kuwa wapigaji walisimama mahali mbalimbali, nuru ilikaa mbele ya nyota hizi katika picha moja, na mbele ya nyota zile katika picha ya pili. Kwa tofauti hiyo akapiga hesabu ya urefu. Ndipo watu walipojua kwa hakika kwamba ukingo wa chini wa nuru hizi, mara nyingi, uko kama kilomita 100 juu yetu.

Angalieni neno hili, ndugu. Picha mbili zile hazikufanana. Mtu asiyefikiri angalisema, "Mashahidi wanapingana, moja ya picha hizi ni uwongo." Lakini kule kutofanana ndiko kulikoleta kweli, kwa sababu kila mmoja alisema wazi aliposimama. Nasi twajua kwamba tangu kale, katika Torati, haukutosha ushuhuda wa mtu mmoja kumhukumu mtu. Basi alama ya pili ni hii: shahidi wa kweli hutaja mahali na saa, wala hachukii mwingine akiona kutoka upande mwingine.

Kazi hiyo haikufa na Størmer. Tarehe 7 Oktoba 2018 wapiga picha wa Finland, watu wa kawaida, waliona katika nuru mawimbi ya kijani yaliyopangwa kama matuta ya mchanga. Picha moja ilipigwa Laitila na nyingine Ruovesi. Minna Palmroth wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake wakazilinganisha pamoja na nyota zilizo nyuma yake, wakakuta mawimbi hayo yako karibu kilomita 100 juu, na toka wimbi hata wimbi ni kama kilomita 45. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2020. Bila wale waliokesha nje na kuandika saa na mahali, wenye elimu wasingalikuwa na kitu cha kulinganisha.

Alama ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nami naieleza kwa habari ya Kanada. Katika jimbo la Alberta kipo kikundi cha watu wapendao kuzifuata nuru za kaskazini. Kwa muda walikuwa wakipiga picha za ukanda mwembamba wa rangi ya zambarau, uliokatiza mbingu toka mashariki hata magharibi, mbali kidogo na nuru za kawaida. Wao waliuita tao la protoni, kwa jina walilolisikia kwa wenye elimu. Mwaka 2016 wakamwonyesha Profesa Eric Donovan wa Chuo Kikuu cha Calgary. Akawaambia kwamba nuru ya protoni haionekani hivyo kwa macho. Kitu hicho ni kingine, naye hakijui.

Fikirini sasa. Wangaliweza kuudhika, wakashikilia jina lao. Wangaliweza kubuni jina kubwa la Kigiriki, ili waonekane wenye hekima. Hawakufanya hivyo. Mmoja wao, Chris Ratzlaff, akasema, "Basi tuuite Steve." Steve ni jina la mtu wa kawaida kule kwao, kama Petro au Yohana kwetu. Alilitoa katika filamu ya watoto ya mwaka 2006, ambayo ndani yake wanyama waliona ua la miti wasilolijua, wakaogopa, wakaliita Steve ili woga upungue. Wengine walicheka kwa jina hilo. Lakini mimi naona ni jina la unyofu mkubwa, kwa maana halidai kujua kitu. Lasema tu, "Tumekuona, lakini hatujui wewe ni nani."

Na kwa kuwa walikubali kwamba hawajui, mlango wa kujua ukafunguliwa. Donovan akatazama habari za setilaiti za Ulaya ziitwazo Swarm, akakuta moja ilikuwa imepita katikati ya ukanda ule. Katika urefu wa kilomita 300 joto lilikuwa limepanda kwa nyuzi 3000, na ndani ya ukanda wenye upana wa kilomita 25 hewa yenye umeme ilikimbia kuelekea magharibi kilomita 6 kwa kila sekunde. Mwezi wa Machi mwaka 2018 Elizabeth MacDonald wa shirika la anga la Marekani na wenzake wakaitangaza habari hiyo, na majina ya baadhi ya wapiga picha yaliandikwa pamoja na ya maprofesa. Na lile jina la Steve wataalamu hawakulitupa. Walitafuta maneno ya kielimu yanayopatana na herufi zake. Tena ikajulikana kwamba ukanda huo uliwahi kuonwa miaka mingi nyuma. Ulipita mbele ya macho ya watu, lakini walidhani wanaujua.

Wazee wetu husema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Ni kweli. Lakini giza la mtu asemaye, "Sijui," lina njia ya kutokea. Giza la mtu asemaye, "Najua," naye hajui, halina mlango. Basi alama ya tatu: shahidi wa kweli huonyesha mpaka wa ujuzi wake.

Hapa najikuta nimerudi kwenye kosa langu. Nilipokuwa nikiyawaza haya yote kwa ajili ya wale watoao ushuhuda, niliona kwamba yule kijana na kaka yake hawakukosa hata alama moja. Kaka alisema jinsi alivyoona, alitaja mahali aliposimama na usiku ule, wala hakujidai kujua zaidi. Aliyekosa ni mwenye kusikia. Amri ya nane tunawafundisha watoto kila mwaka, nasi twadhani yamhusu asemaye tu. Lakini mimi sikuuliza, "Aliiona wapi? Aliandika nini?" Nilipima mbingu ya Ujerumani kwa mbingu ya kwetu, nikamwita mtu mwongo kwa sababu moja tu, kwamba mimi sijapata kuona. Na huo nao ni ushuhuda wa uwongo, maana nilisema, "Jambo hili si kweli," nami sikuwa na habari yake.

Najua mtu atanijibu, "Lakini Mchungaji, picha za uwongo ni nyingi mno siku hizi, tukiamini kila kitu tutapotea." Ni neno la haki. Sisemi tuamini kila kitu. Mtu aaminiye kila kitu na mtu akanaye kila kitu wote wawili ni wavivu, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyejitaabisha kuuliza. Njia iliyo kati yao ni ndefu kidogo, nayo ni kuuliza: Nani aliona? Alisimama wapi? Saa ngapi? Kwa jicho au kwa chombo? Yuko mwingine aliyeona? Ni nini asichokijua? Mwongo huyachukia maswali hayo, na mtu wa kweli huyapenda, kama Carrington aliyekimbia kumtafuta wa kuona naye.

Maswali hayo si ya mbingu za kaskazini tu. Huja kwetu katika baraza la wazee, mambo ya mashamba, mke na mume wanaposhtakiana, na mtu akileta habari ya mwenzake iliyotoka kijiji cha mbali. Mara ngapi tumewasikia mashahidi wawili wasiofanana, tukasema mmoja amedanganya, tusiulize kila mmoja alisimama wapi? Na mara ngapi tumelipa jambo jina kubwa kwa haraka, tukasema huyu ni mwizi, huyu ni mchawi, na hatukuthubutu kusema, "Tumeona kitu, lakini hatujakijua"?

Siku ya mwisho ya mafundisho yale nilisimama mbele ya walimu wote, kwa maana nilimwaibisha kijana mbele yao, wala haikufaa nimwombe radhi chemba. Nikasema, "Niliita uwongo jambo nisilolijua. Mwalimu huyu alisema kweli, nami namwomba anisamehe." Akainama, akasema, "Yamekwisha, Mchungaji." Kisha akaitoa simu yake tena, na safari hii walimu wakamzunguka, wakaitazama picha ile kimya. Mzee mmoja akauliza, "Na kwa macho yake aliona nini?" Kijana akawasomea.